Osia Alishukuriwa Kabla Hajaombwa

Simu ya msiba ilinikuta jikoni nachambua maharage. Alikuwa Lameck. Lameck akinipigia huwa anaanza na utani, oo Dokta umetutupa, oo Dokta siku hizi unajidai, lakini safari hii aliniita mara moja tu akanyamaza, nikajua. "Kaka ametutoka," akasema. "Leo asubuhi, kule Mbeya, wakiwa wanamwandaa kumweka kwenye mashine." Mashine aliyoisema ni ile ya kusafisha damu ya watu ambao figo zao zimekufa. Nikampa pole, nikauliza maziko ni lini, nikakata simu, nikarudi kwenye maharage yangu. Sikulia. Ningelia kwa uso gani? Osia amekufa kwa kukosa figo, na mimi ndiye daktari niliyemwandaa atolewe moja, karibu miaka thelathini iliyopita, apewe huyohuyo Lameck, mdogo wake. Na Lameck yuko Tunduma, mzima wa afya, ana kitambi na wajukuu wawili.

Habari za nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani siziandiki. Hazina msaada kwa mtu. Naandika mwaka mmoja tu, ule wa kwanza wa kazi yangu, maana ndio ulionifanya niwe huyu ambaye watu wanamwita bingwa. Sebuleni kwangu kuna vyeti ukutani, kuna picha nimevaa joho, kuna ngao niliyopewa siku ya kustaafu na hotuba juu. Vijana wa udaktari wakija kunisalimia wanasimama mbele ya ukuta ule wanasema, "Mama, umefanya kazi." Nawakaribisha chai. Sijawahi kumwambia hata mmoja wao kwamba ukuta wote ule umejengwa na mtu mmoja aliyekuwa anachana mbao Mbozi, na kwamba alikuwa hataki.

Mwaka ule mkoa wa Songwe ulikuwa haujazaliwa, sisi sote tulikuwa Mbeya. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi, daktari wa kawaida wa kutibu kila kinachoingia mlangoni, kuanzia malaria hadi mtu aliyekatwa panga kwenye pombe. Nilipanga chumba Mlowo, nyuma ya duka la mbolea, nyumba isiyo na dari, kwa hiyo maneno yalikuwa yanaruka juu ya ukuta kama kuku. Kitanda, meza, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili. Jioni nilikuwa napika ugali na samaki wakavu wa Rukwa huku namsikia mama mwenye nyumba anawasimulia wenzake habari zangu, tena kwa sauti ya kunitosha na mimi. "Katoto kadogo, lakini kameshampasua mtu." "Weee!" "Nakwambia! Halafu kanarudi hapa kanakula samaki kama hakuna kitu." Nilikuwa nacheka peke yangu na sufuria yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilijiona mtu mkubwa sana.

Lameck aliletwa hospitali miezi michache baada ya mimi kuanza. Alikuwa mfanyabiashara wa Tunduma, anapeleka mchele na samaki upande wa pili wa mpaka, Nakonde, na alikuwa ameshazoea kushukuru kwa Kibemba kuliko kwa lugha ya kwao. Nilimchoma sindano ya kwanza akasema, "Natotela, Dokta," huku uso umevimba hadi macho yamekuwa mistari. Presha ilikuwa imemla figo zote mbili. Mashine ya kusafisha damu siku hizo ilikuwa Dar es Salaam tu, na ukishaianza huiachi mpaka upate figo ya mtu au ufe. Nyumbani kwao yeye ndiye aliyekuwa nguzo. Ameezeka bati nyumba ya mama yao, amesomesha watoto wa dada zake, harusi za ukoo zote ni yeye. Wakija kumwona wodini walikuwa wanasimama kuzunguka kitanda, wameshika kofia zao, wanamtazama kama wanaotazama shamba linaungua.

Mganga Mkuu wetu aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa maneno machache, anapenda kutafuna kalamu. Akasema hospitali yetu haijawahi kumpeleka mgonjwa akapandikizwe figo akarudi hai. Yupo profesa Dar anayewachagua wagonjwa wa kupelekwa India, nimfuate, nijifunze, nisimamie kila kitu. "Ukilifanikisha hili," akasema, "nafasi ya masomo ikija sitatafuta jina lingine." Nilitoka pale miguu haigusi chini. Jioni ileile nilimwambia mama mwenye nyumba kwamba naenda kusomea ubingwa, na kabla sijamaliza kula, Mlowo nzima ilikuwa inajua.

Kwa hiyo nikaenda Dar na Lameck, basi siku nzima, yeye ameegemea dirisha, mimi nimekumbatia faili. Profesa alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti ya chini. Hakunifundisha darasani, alinifundisha kwenye korido, tumesimama na vikombe vya chai na andazi moja tumegawana. Alisema, "Binti, kazi ya mgonjwa utaiweza, iko kwenye vitabu. Kazi ngumu ni ya mtoaji. Kila mtoaji uonane naye peke yake, mlango umefungwa, kabla ndugu hawajajua damu yake imekubali. Umwulize: unataka? Akisema hataki, kazi imeisha. Unaandika hafai. Ndugu unawaambia vipimo vimekataa, na unanyamaza nayo mpaka unaingia kaburini." Nikamwuliza, si uongo huo, Profesa? Akanitazama kidogo. "Ni mlango," akasema. "Mtu lazima awe na mlango wa kutokea, la sivyo hajatoa, amenyang'anywa." Niliandika maneno yale kwenye daftari langu, nikapigia mstari. Mwanafunzi mzuri kweli mimi.

Nikarudi Mbozi, nikapima damu za ndugu wote. Dada zake hawakuwiana naye. Mama alikuwa mzee na ana sukari. Ambaye damu yake ilikubali ni mmoja tu, Osia, kaka mkubwa, mtu wa miaka thelathini na tano hivi, mrefu, kimya, mabega ya mtu wa kuchana mbao. Hapo sasa ndipo ningetakiwa kumwita Osia peke yake, nifunge mlango. Lakini baba yao mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo baada ya baba yao kufariki, alituma mtu kwamba Jumamosi kuna kikao na wananihitaji niwaeleze. Na mimi nikajipa moyo kwamba huku kwetu mambo hayaendi kwa milango kufungwa, mtu ni wa ukoo wake. Ukweli ni kwamba nilipenda kualikwa. Nilipenda kukalishwa kwenye kiti chenye kitambaa, wazee wananisikiliza.

Nakumbuka chumba kile vizuri kuliko vyumba nilivyolala mwenyewe. Kuta za tofali za kuchoma, kalenda ya kanisa, magunia ya kahawa yamepangwa upande mmoja yananukia, sisi tunakunywa chai ya maziwa maana kahawa yote ni ya kuuza. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake chini kwenye mkeka, Lameck kwenye kochi na blanketi. Nikaeleza mambo ya damu kwa Kiswahili chepesi, nikaringa kidogo na maneno ya kitaalamu, halafu nikasema mbele ya watu wote, "Damu inayokubaliana na ya Lameck ni moja tu humu ndani. Ni ya kaka Osia." Jamani! Nilifikiri natoa majibu ya maabara. Mama yao akapiga kigelegele. Baba mdogo akasimama, akavua kofia, akasema, "Tusimame tumshukuru Mungu kwa ajili ya Osia." Watu wakasimama. Hakusema tumwombe Osia, hakusema tumsikie Osia. Wakamshukuru. Waliomba kwa Kinyiha, wamemzunguka, mikono kichwani kwake, mabegani kwake, na mimi nikanyoosha mkono wangu nikaugusisha mgongo wake na nikasema amina kwa nguvu.

Huo ndio mtego wa watu wetu, na nausema kwa uchungu kwa sababu ni watu wangu na nawapenda: hatumwombi mtu jambo kubwa, maana ukimwomba anaweza kukataa, na kukataa ni aibu ya pande zote. Basi tunamshukuru kabla. Mbuzi alikuwa ameshafungwa nyuma ya jiko tangu asubuhi, kabla hata sijafika na majibu yangu. Akachinjwa. Osia akapewa maini kwenye sahani ya peke yake, kama mgeni wa heshima, na akayala polepole, kipande kimoja kimoja, haongei. Kesho yake kanisani mchungaji akamsimamisha mbele ya ibada, kwaya ikamwimbia. Wiki ile wanawake walimiminika kwake na unga, na kuku, na mayai. Watoto njiani wakawa wanamwita mkombozi. Mkewe, Mama Subi, ndiye aliyekuwa anapokea vile vikapu mlangoni, na nilimwona siku moja nilipopita, anasema asante, asante sana, uso umekauka.

Alhamisi Osia akaja hospitali. Ilikuwa saa nne asubuhi, kwenye chumba changu cha kuonea wagonjwa, chumba kidogo chenye mizani na dirisha la kutazama jiko la wagonjwa. Alikuwa amenyoa ndevu. Nikamwambia shikamoo, akaitika, akakaa, akaweka mikono magotini. Nikampima presha kama ilivyokuwa kwenye orodha. Ilikuwa mia na hamsini kwa tisini na tano. Nikamwambia apumzike kidogo, labda ni kwa sababu ya kutembea. Nikapima tena, haikupishana sana. Akiwa bado na mpira mkononi akasema, bila kunitazama, "Dokta, mimi sitaki."

Nikamwuliza hataki nini, kana kwamba sijui.

"Kutolewa figo. Sitaki. Niandikie kwamba sifai."

Nikamwuliza kwa nini. Anaogopa kisu? Akasema kidogo. Anaogopa kufa? Akasema kila mtu anaogopa. Anamchukia mdogo wake? Hapo akanitazama. "Lameck nampenda. Nilimbeba mgongoni huyu. Lakini nikijiuliza ndani yangu, jibu ni sitaki. Sina sababu nyingine ya kukupa, Dokta. Na wao siwezi kuwaambia, si unaona wameshanilisha?"

Nilimwelewa. Naomba hilo lieleweke, sikuwa mjinga. Daftari lenye maneno ya Profesa lilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu. Na zaidi ya hapo, hata sikuhitaji kudanganya! Presha ile peke yake ilitosha. Ningeandika namba niliyoiona kwa macho yangu, ningempeleka kwa baba mdogo, ningesema mtu huyu ana presha, figo yake ataihitaji mwenyewe, na ningekuwa nimesema kweli tupu. Lakini nilimwona Mganga Mkuu anatafuna kalamu. Niliona nafasi ya masomo inakwenda kwa mwingine, na mama mwenye nyumba anacheka juu ya ukuta. Nikamwambia Osia, kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya mtu anayeombea wagonjwa, "Sitaki si ugonjwa, kaka. Mimi nimeokoka, siwezi kuandika uongo."

Jikoni kule nje mtu alikuwa anasonga ugali, mwiko unagonga sufuria. Osia akasikiliza kidogo halafu akasema, "Basi sawa." Nikampima presha mara ya tatu, ikashuka, mia na thelathini na nane kwa themanini na nane. Nikaiandika hiyo. Zile mbili za mwanzo sikuziandika popote. Mtu aliyeokoka!

Yaliyofuata yalikwenda vizuri, na ndiyo maana nina vyeti. Profesa alipomwuliza Osia kule Dar kama anatoa kwa hiari, mbele yake kulikuwa na barua yangu inayosema nimeshaongea naye faragha na ameridhia, na Osia akasema ndiyo. Mtu ambaye ameshafungiwa mlango mmoja hajaribu wa pili. Nikasafiri nao India. Figo ilipowekwa kwa Lameck ikaanza kutoa mkojo palepale mezani, madaktari wakapeana mikono, na mimi nikalia machozi ya furaha. Nilipopita chumba cha Osia alikuwa ameamka, amegeukia ukutani, ubavu umefungwa bandeji pana. Nikamwambia, "Kaka, imefanya kazi!" Akasema, "Mungu ni mwema." Nikaondoka mbio kurudi kwa Lameck, maana Lameck ndiye aliyekuwa na mirija ya kutazama, dawa za kupimiwa, chati za kujaza. Mtoaji hana chati. Akishatoa, ametoa.

Tuliporudi, Mlowo ilisimama. Kwaya, matawi, pikipiki zinapiga honi. Lameck alishuka kwanza kwenye gari akabebwa juu juu. Mganga Mkuu alinikumbatia mbele za watu. Osia alishuka mwisho, na ameshika begi la mdogo wake, mtu aliyetolewa kiungo miezi miwili tu iliyopita, na hakuna aliyempokea mpaka Mama Subi alipopenya akalichukua akajitwika kichwani. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa chuoni Dar. Osia alikuwa amerudi kwenye msumeno.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, kabla hajaanza kuumwa. Nilikuwa nimekuja likizo, nimesimama Mlowo nangoja basi, akaja na mbao begani. Tukasalimiana. Akasema kichwa kinamgonga sana asubuhi, kama nina kile kipimo nimpime. Kilikuwa kwenye begi. Basi lilikuwa linakaribia, nikamwambia, "Pita hospitali, kaka, wakuone." Akasema sawa. Nimefundisha madaktari wengi, nimewafundisha kwamba mtoaji apimwe presha kila mwaka maisha yake yote, nimegonga meza nikilisema hilo. Na wa kwangu nilimwacha barabarani amebeba mbao.

Nikaenda msibani. Turubai lilijaa, magari ya Tunduma yamepangwa hadi barabarani, watu wametoka Ileje, wametoka Ivuna. Lameck alisimama kando ya jeneza akasema maneno ya mtu anayempenda nduguye kweli, na nilikuwa namwamini. Alilia. Akasema, "Kaka yangu hakulazimishwa na mtu. Alijitoa kwa hiari yake, na shahidi wangu yupo hapa. Dokta, naomba usimame uwaambie."

Nikasimama. Nilikuwa nimeshaamua, njiani kote nilikuwa nimeamua: nikipewa nafasi nitasema. Nitasema alikataa, alikuja kwangu akakataa, na mimi nikamfungia. Sina cha kupoteza, nimestaafu, ngao watainyang'anya wapi? Nikashika kipaza sauti. Niliwaona wote, mama yao mkongwe kwenye kiti, Lameck na leso usoni, Mama Subi amekaa chini na kanga nyeusi, ananitazama. Na nikasema, "Ni kweli. Osia alikuja kwangu mwenyewe, kwa miguu yake, akaniambia, Dokta, mimi nataka kumpa mdogo wangu figo. Sijawahi kuona upendo kama ule." Watu wakasema amina. Lameck akanikumbatia, na chini ya mkono wangu nikausikia moyo wake unavyodunda, wenye nguvu.

Baada ya kuzika tulikaribishwa chakula. Nilikaa pembeni ya nyumba, kwenye benchi, nikijidai natafuta kitu kwenye mkoba. Mama Subi akaja mwenyewe na sahani ya wali na maharage, mfiwa, ambaye siku kama ile hatakiwi kumhudumia mtu. Nikataka kusimama akanizuia. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniuliza habari za nyumbani, "Mimi ndiye niliyemtuma kwako Alhamisi ile. Nilimwambia, nenda kwa yule binti, ana huruma, atakuandikia. Akarudi akaniambia, Dokta ameokoka, hawezi kusema uongo."

Nikafunga mkoba.

"Leo nimekusikia," akasema. "Kumbe unaweza." Akaniwekea sahani mapajani, akanipa kijiko. "Kula, Dokta, kinapoa."

Akasimama palepale mpaka nikaanza kula.